Sisimizi na Mchukuzi

Ndugu msomaji, magharibi ya Bara Hindi, katika jimbo la Gujarat, kuna mji mdogo uitwao Palitana, na karibu na mji huo umesimama mlima uitwao Shatrunjaya. Maana ya jina hilo ni mshindi wa maadui, na maadui wanaokusudiwa si watu bali ni hasira, kiburi, hila na tamaa zilizomo ndani ya nafsi. Juu ya mlima huo, kiasi cha mita 600 kutoka usawa wa bahari, yamejengwa mahekalu zaidi ya 800, makubwa kwa madogo, na yote ni ya dini moja, nayo ni dini ya Majaini. Nataka tuupande mlima huo pamoja katika kurasa hizi. Mawe yake yanastaajabisha, lakini sikukuitia mawe. Njiani tutakutana na swali ambalo kila mtu wa dini, iwe dini gani, hana budi kulijibu: Je, mtu akijizuia asimdhuru yeyote kwa mkono wake wala kwa mguu wake, amekwisha kuwa mtu mwema?

Sisi wa Afrika ya Mashariki si wageni kwa watu hawa, ila hatukuwatambua. Pwani yetu ilizoea kumwita Baniani kila mfanya biashara wa Kihindi asiyekuwa Mwislamu, bila kuuliza kama ni Mhindu au Mjaini, na tukatunga methali kuwa Baniani mbaya kiatu chake dawa. Kumbe wengi wa Waoshwali, ambao maduka na viwanda vyao vyajulikana sana Nairobi na Mombasa, ni Majaini ambao wazee wao walitoka vijiji vya karibu na Jamnagar, katika Gujarat hiyo hiyo; na hekalu lao jeupe la Mombasa limeonwa na wapita njia wengi wasiojua ni la nani. Na methali yetu, kwa bahati mbaya, imesifu kitu kisichofaa, maana kiatu cha ngozi ndicho kitu cha kwanza ambacho Mjaini hukiacha chini anapopanda kwenda kuabudu.

Dini yao ni ya kale. Mwalimu wao mkuu wa mwisho, Mahavira, aliishi zama moja na Buddha, yapata miaka 2,500 iliyopita, nao humhesabu kuwa ni wa ishirini na nne katika safu ya walimu waitwao Tirthankara, yaani watengenezaji wa kivuko, wale waliovuka mto wa kuzaliwa na kufa na kuwaonyesha wengine pa kuvukia. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 iliwaonyesha Majaini wa India kuwa yapata milioni nne na nusu, idadi ndogo sana katika nchi kubwa kama ile. Hawaamini kuwa ulimwengu una Muumba. Huamini kuwa kila kilicho hai kina roho, tangu ndovu mpaka chembe ya uhai iliyomo katika tone la maji, na kwamba kila dhara tunalolitenda huigandia roho yetu kama vumbi ligandiavyo nguo yenye mafuta. Kwa hiyo amri yao ya kwanza, na ambayo nyingine zote huitumikia, ni ahimsa, yaani kutodhuru.

Hapana shaka msomaji anayeamini kuwa hakuna sheria pasipo Mtoa sheria atauliza: watu hawa wamtii nani? Ni swali la haki, nami pia naliuliza. Lakini nakuomba uliweke kando mpaka tutakapokuwa tumewaona wanavyotii, kwa sababu wako wengi wanaomtaja Mtoa sheria asubuhi na jioni wasiofanya hata nusu ya haya utakayoyaona.

Safari ya kupanda huanza alfajiri kabla jua halijawa kali. Vipandio vya mawe ni yapata 3,500, na urefu wa njia ni zaidi ya kilomita tatu. Wengi hupanda miguu mitupu. Chakula hakipelekwi juu. Maji ya kunywa huwekwa njiani kwa ajili ya wasafiri, nayo ni yaliyochemshwa, kama desturi ya dini yao inavyotaka. Hakuna anayelala mlimani. Jua likikaribia kuchwa, waumini na makuhani wote huteremka, na mahekalu yote mia nane hubaki pamoja na sanamu zake katika giza. Na zikifika mvua, safari ya kupanda husimamishwa kwa muda wa miezi minne, kwa sababu katika majira hayo nyasi huchipua na wadudu huzaliwa kila mahali, na mguu hauwezi kukanyaga bila kuua. Hebu tafakari jambo hili. Mahali palipo patakatifu kuliko pote kwao hufungwa kwa theluthi moja ya mwaka kwa heshima ya funza na vyura.

Utawakuta njiani watawa wao, wanaume kwa wanawake, wamevaa shuka nyeupe. Kila mmoja huchukua ufagio wa nyuzi za sufu, laini kiasi cha kutoweza kumwumiza mdudu, naye hufagia mahali kabla ya kukaa. Wengine hufunga kitambaa mdomoni. Hawapandi gari wala mnyama, bali huzunguka nchi nzima kwa miguu. Hawali baada ya jua kuchwa, kwa kuwa gizani mtu aweza kumeza kiumbe pasipo kujua. Hata nywele zao hawazinyoi, bali huzing'oa kwa mikono. Ukimwona mtawa wa kike mzee akipanda vipandio vile polepole, macho yake yakitazama hatua chache mbele ya vidole vya miguu yake, utaona kwamba kazi yote ya dini yake imekusanyika katika yale macho. Yanamtafuta sisimizi.

Kisha, ukisogea pembeni ya njia, hupitwa na machela.

Ni kiti kidogo kilichoning'inizwa kwenye ufito, na ufito uko juu ya mabega ya wanaume wawili, au wanne kama abiria ni mzito. Juu ya kiti amekaa mtu asiyeweza kupanda, au asiyetaka. Wachukuzi hupumua kwa nguvu, hutua, hubadilisha bega, huendelea. Neno hili machela tunalijua sisi vizuri, maana ndivyo walivyobebwa wageni wengi walioingia bara letu katika karne ya 19, na wapagazi wetu ndio waliowabeba. Mtu yeyote aliyepata kupanda mlima na gunia la mahindi kichwani anajua goti linavyosema katika kipandio cha elfu moja; na gunia halijigeuzi kama mtu.

Basi hapa ndipo swali letu lilipotungoja. Abiria huyu ameacha viatu vya ngozi chini. Hakula kitu tangu jana. Angeliona funza njiani angeliomba machela isimamishwe. Lakini chini yake binadamu wanahema. Je, amedhuru au hakudhuru?

Najua majibu yanayotolewa, nayo si majibu ya kipuuzi. Husemwa kwamba mchukuzi hakulazimishwa, amekubaliana ujira, na pasipo abiria watoto wake watalala na njaa. Husemwa kwamba bibi wa miaka themanini ambaye tangu utotoni ametamani kuiona sanamu ya Adinath, Tirthankara wa kwanza, hana njia nyingine, na ni ukatili kumwambia akae chini. Yote mawili ni kweli. Lakini ridhaa ya mwenye njaa si sawasawa na ridhaa ya aliyeshiba, na kila mmoja wetu aliyewahi kupatana bei na mtu mwenye shida anajua hivyo, hata kama hatupendi kulisema. Na wapo wanaobebwa wasiokuwa na miaka themanini.

Wala si sisi wageni tunaowawekea Majaini mizani hii. Mizani ni yao wenyewe. Katika kiapo cha mtawa wao, dhara halihesabiwi kwa njia moja, bali kwa njia tatu: kutenda, kutendesha, na kuridhia lililotendwa na mwingine, na kila moja kati ya hizo huwezekana kwa moyo, kwa ulimi na kwa mwili. Tatu mara tatu ni tisa. Milango tisa basi, na mtawa huapa kuifunga yote. Mtu wa kawaida, mwenye nyumba na duka, hadaiwi ukamilifu huo, kwani imejulikana kuwa hawezi kulima, kupika wala kujilinda bila kudhuru kidogo. Lakini hata yeye amewekewa mipaka katika riziki yake. Vitabu vyao vina orodha ya kazi kumi na tano zisizomfaa mwumini, na miongoni mwake imo biashara ya meno ya wanyama, yaani pembe za ndovu, biashara ya sumu na silaha, na biashara ya watu na mifugo. Orodha hiyo ilikwisha andikwa karne nyingi kabla ya bunduki za Ulaya kufika Zanzibar.

Shika maneno hayo moyoni, ndugu msomaji, kwa kuwa sasa tumefika kileleni na tutayahitaji.

Kileleni ni mji wa mahekalu. Yamegawanyika katika nyua zilizozungushiwa kuta imara kama ngome, na katikati ya uwanja mkuu limo hekalu la Adinath. Habari za mahali hapa ni za zaidi ya miaka elfu moja. Katika karne ya 12 hekalu kuu lilijengwa upya kwa mawe, na mwanzoni mwa karne ya 14 likabomolewa na majeshi ya watawala wa Delhi, ambao walikuwa Waislamu. Tusilipite hilo kwa haraka kwa kuwa ni letu. Aliyeruhusu lijengwe tena, sanamu mpya ikawekwa mwaka 1315, naye alikuwa Mwislamu, Alp Khan, liwali wa Gujarat. Na karne mbili na nusu baadaye mfalme Akbar alimwita mtawa wa Kijaini Hiravijaya Suri, ambaye alikwenda kwa miguu kutoka Gujarat mpaka kwenye kasri lake, akafika mwaka 1583, na kwa ajili yake mfalme akaamuru uchinjaji ukomeshwe katika siku zao takatifu. Mpaka leo, karibu na kilele, liko kaburi la Mwislamu aitwaye Angar Pir, ambapo wanawake wasiopata mtoto hutundika vitanda vidogo vya kuchezea vya watoto wachanga. Sanamu za Matirthankara hazitoi watoto, kwa kuwa Tirthankara amekwisha vuka na hasikii maombi. Basi mwenye shida ya kuomba amekwenda kwa Pir. Sisi tunaoamini kuwa mtoto hutolewa na Mungu peke yake hatuoni faida ya kitanda kilichotundikwa juu ya kaburi, lakini huzuni iliyokileta kitanda hicho tunaielewa.

Sasa tazama ua mmoja mkubwa uliojengwa mahali ambapo zamani palikuwa na bonde kati ya vilele viwili. Bonde hilo lilijazwa mawe na udongo, kazi ya ajabu, na juu yake yakasimamishwa mahekalu. Aliyelipa gharama hizo ni tajiri wa Bombay, Motichand Amichand, aliyejulikana kwa jina la Motishah, aliyefariki mwaka 1836. Mtu huyu hakuwa mnafiki wa kawaida. Mwaka 1834, pamoja na rafiki yake Jamsetjee Jejeebhoy, alianzisha katika Bombay hifadhi ya wanyama wagonjwa na wazee ambayo ipo hata sasa, mahali ambapo ng'ombe asiyetoa tena maziwa na farasi aliyevunjika mguu hulishwa mpaka afe kifo chake. Waliokuwa wakiona mbwa wa mitaani wakiuawa kwa amri ya serikali ya Kiingereza waliona katika hifadhi hiyo rehema ya kweli, na ilikuwa rehema ya kweli.

Lakini mali ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka katika biashara ya China, na katika biashara hiyo bidhaa mbili kubwa zilikuwa pamba na afyuni, ile ambayo wazee wetu waliiita kasumba kabla neno hilo halijageuzwa kuwa jina la ugonjwa wa fikira. Sheria ya mfalme wa China ilikataza afyuni kuingizwa nchini mwake. Iliingizwa hata hivyo, kwa meli na kwa magendo, ikawaharibu watu wasiohesabika, na miaka mitatu tu baada ya Motishah kufariki Waingereza waliipiga China vita, kuanzia 1839 mpaka 1842, ili mlango wa biashara usifungwe. Washirika wa Motishah katika kazi hiyo walikuwa Jejeebhoy, ambaye alikuwa Mparsi, mfuasi wa dini ya Zoroaster, na Muhammad Ali Rogay, ambaye alikuwa Mwislamu. Kwa hiyo asitokee msomaji wa kucheka Baniani. Wako watatu katika jahazi moja, kila mmoja na kitabu chake, na shehena ni ile ile.

Nimelifikiri sana jambo la mtu huyu. Ni rahisi kusema kuwa alikuwa mwongo, kwamba mahekalu na hifadhi ya wanyama vilikuwa rangi ya kufunika doa. Sidhani hivyo. Nadhani alimhurumia yule ng'ombe kwa moyo wake wote, kwa sababu ng'ombe alikuwa mbele yake. Yule Mchina aliyelala juu ya mkeka katika Canton, akiuza kitanda na kisha akiuza binti, hakuwa mbele yake. Kati yao palikuwa na bahari, na mawakala, na madaftari, na manahodha, na kila mkono uliopokea kasha ulilipokea likiwa limefungwa. Dhara halikupungua kwa kupita katika mikono mingi. Lililopungua ni hisia ya kuwa ni langu.

Na hapa mafundisho ya Majaini yana neno lenye thamani kubwa, ambalo naona ndilo kito chote cha mlima ule. Kitabu chao kikuu cha itikadi, Tattvartha Sutra, hakielezi dhara kuwa ni kutoa uhai tu. Hueleza kuwa ni kutoa uhai kwa kughafilika. Mtawa aliyefagia, akatazama, akajihadhari, kisha mdudu akafa chini ya mguu wake, hana hatia kama yule aliyetembea ovyo, hata kama huyu wa pili kwa bahati hakuua kitu. Basi ule ufagio wa sufu si chombo cha kuokoa wadudu peke yake. Ni chombo cha kuamsha moyo. Asiyeghafilika huanza na sisimizi kwa sababu sisimizi ndiye aliye karibu na mdogo kuliko wote. Akiweza kumwona huyo, hana udhuru wa kutomwona aliye mkubwa zaidi. Ikiwa macho yaliyofundishwa hivyo yanakomea kwenye vidole vya miguu, basi mafunzo yalisimama katikati ya njia.

Utaniambia: Ndugu, ukienda hivyo hutafika mwisho. Nani awezaye kufuata kila shilingi mpaka ilikotoka? Simu iliyo mfukoni mwangu ina kobalti, na huenda kobalti hiyo ilichimbwa Kolwezi, na mtu aliyeteremka shimoni kwa kamba, pasipo kofia wala kiatu. Shati langu lilishonwa na mwanamke nisiyemjua. Nikianza kuchunguza, nitabaki uchi na mwenye njaa. Naam, umesema kweli, na Majaini ndio watu peke yao ninaowajua waliolifuata wazo hilo mpaka mwisho wake. Kwao mtu aliye mzee, au mgonjwa asiyetarajia kupona, akiwa na nia safi na ruhusa ya walimu wake, huruhusiwa kuacha chakula kidogo kidogo mpaka roho itoke, ili asidhuru tena. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Rajasthan iliamua kuwa tendo hilo ni kujiua na ni kosa la jinai. Mwezi huo huo Mahakama ya Juu ya India ikausimamisha uamuzi huo. Mimi siwezi kuwafuata hapo. Uhai wangu naamini ni amana, na mwenye amana hairudishi kabla ya kuombwa. Lakini nawaheshimu kwa kuwa hawakujifanya hawaoni hesabu inakwenda wapi.

Iko njia ya pili ya kukimbia swali hili, nayo ni kuwafanya wengine walipe gharama ya huruma yangu. Mwaka 2014 watawa wapatao 200 walifunga chakula mjini Palitana wakidai uchinjaji ukomeshwe, na serikali ya jimbo ikakubali kuutangaza mji huo mtakatifu kuwa mahali pasipo nyama. Katika mji huo wamo Waislamu si wachache, na watu waliokuwa wakila riziki kwa kisu cha buchani au kwa samaki. Njaa ya mtawa ilikuwa juu ya tumbo lake mwenyewe, na kwa hiyo ilikuwa sadaka. Marufuku ilikuwa juu ya tumbo la mchinjaji. Sitaki tuwanyoshee kidole kirefu mno, kwani Zanzibar mchana wa Ramadhani asiyefunga aweza kukamatwa kwa kula hadharani, nasi tumezoea kuliona jambo hilo kuwa dogo. Mfungo wa mtu mmoja unapomtafuta jirani na kumfungia duka, umekwisha kuwa jambo jingine, hata ukiitwa jina lile lile.

Basi kati ya mwisho ule wa kufa njaa na mwisho huu wa kulipisha wengine, tusimame wapi? Nasema nawe hasa, ndugu uliyeingia katika dini miaka michache iliyopita, na wewe unayechungulia mlangoni. Mambo ya kwanza tujifunzayo katika dini yoyote ni ya sahani na ya mavazi: hiki chaliwa, hiki hakiliwi, hiki kimechinjwa sawasawa, hiki kina shaka. Ni mafunzo mema, nayo hutuamsha kama ule ufagio wa sufu. Lakini nimeona nyumba ambamo kuku huulizwa nasaba yake kabla hajaingia jikoni, na msichana anayempika kuku huyo hajalipwa mshahara wake mwezi wa tatu sasa. Nimeona mfanya biashara asiyekubali senti moja ya riba, na vibarua wake wanasimama mlangoni mpaka saa mbili usiku wakingoja posho ya jana. Hawa si watu wabaya. Wamefunga mlango mmoja katika milango tisa, na kwa kuwa mlango huo waliufunga kwa taabu, wanadhani nyumba nzima imefungwa.

Huwezi kumfikia Mchina wa Canton, wala mchimbaji wa Kolwezi huwezi kumfikia leo. Mchukuzi unaweza. Yuko hatua mbili mbele yako, na wewe umekaa kitini. Shingo yake ndiyo unayoitazama njia nzima. Huyo hakuna bahari kati yako naye, hakuna wakala wala daftari. Kama kuna mahali ambapo kughafilika hakuna udhuru, ni hapo. Ni haki yake apatane bei akiwa chini na si akiwa katikati ya mlima ambapo hawezi kukataa. Apumzike anapotaka yeye. Alipwe kabla jasho halijakauka na si baada ya abiria kula na kulala. Na mwenye miguu mizima ashuke atembee. Machela si haramu kwa sababu ya haya, wala yule bibi wa miaka themanini si mkosaji. Ila akiteremka awe anamjua mtu aliyembeba.

Katika Gujarat hiyo hiyo uko mlima mwingine, Girnar, karibu na mji wa Junagadh, mrefu kuliko Shatrunjaya, wenye mahekalu ya Majaini na ya Wahindu na vipandio karibu 10,000. Huko abiria wa machela huwekwa kwenye mizani kwanza, na bei hufuata uzito wake. Wapo walioona haya kupimwa hadharani kama magunia, na sikumbuki kusikia habari ya aliyeona haya kwa ajili ya yule atakayeubeba uzito huo. Mwezi wa Oktoba 2020 ilifunguliwa Girnar njia ya vibanda vinavyoning'inia kwenye waya na kuvutwa kwa mashine. Mtu hukaa ndani dakika chache, akapita juu ya miti, akateremkia karibu na hekalu la Ambaji, na hakuna bega lililoguswa wala sisimizi aliyekanyagwa. Abiria anaweza kutazama chini kupitia dirishani na kuviona vile vipandio vya zamani, na pembeni mwake wanaume waliokaa karibu na machela zao wakimngoja mtu atakayekuja kwa miguu.